Siku Nne Ziwa Texoma: Kumtafuta Straipa kwa Chambo Hai

Siku ya kwanza, Alhamisi

Tuliondoka Dallas saa 7 mchana, mimi na baba mkwe, tukashika barabara kuu namba 75 kuelekea kaskazini. Mwendo ni kama kilomita 120 hadi Denison, mji wa mpakani mwa Texas na Oklahoma alikozaliwa Dwight Eisenhower, rais wa zamani wa Marekani, mwaka 1890. Baba mkwe alikuwa na wiki tano tu nchini Marekani, amekuja kutoka Kigoma kuwaona wajukuu. Amevua dagaa katika Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka 40, na tangu afike mjini kwetu alikuwa hajaona maji makubwa kuliko bwawa la kuogelea la jirani. Ndiyo sababu nilikodi nahodha wa kutuongoza kwa asubuhi tatu katika Ziwa Texoma, ziwa ambalo wavuvi wa huku hulisifu kwa samaki mmoja kuliko wote, yaani besi wa mistari, ambaye kila mtu humwita straipa.

Kabla ya kwenda kwenye nyumba tuliyopanga, tulisimama kwenye Bwawa la Denison. Ni tuta la udongo ulioshindiliwa, refu kwa zaidi ya kilomita 4 na lenye kimo cha takribani mita 50, lililojengwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani na kukamilika mwaka 1944. Tuta hilo liliuziba Mto Red chini kidogo ya mahali unapokutana na Mto Washita, na mabonde ya mito yote miwili yakajaa maji. Ziwa lililopatikana lina eneo la kilomita za mraba 360 hivi, sehemu kubwa ikiwa upande wa Oklahoma. Ukililinganisha na Tanganyika ni dogo mara 90. Hata hivyo baba mkwe alisimama juu ya tuta muda mrefu akitazama ng'ambo, kisha akaniuliza swali lililotufuata siku zote nne: "Mwanangu, ziwa hili limetengenezwa na watu juzi tu. Samaki wa bahari kaingiaje humu, na humu anakula nini?"

Sehemu ya kwanza ya swali niliweza kuijibu. Straipa ni samaki wa pwani ya Atlantiki, ambaye huishi baharini na kupanda mitoni kutaga mayai. Mabwawa ya Santee na Cooper katika jimbo la South Carolina yalipofungwa mwaka 1941, baadhi ya samaki hao walibaki upande wa juu, na watu wakaja kugundua kwamba walikuwa wanaishi na kuzaana bila kurudi baharini. Baada ya hapo majimbo mengine yakaanza kuwapandikiza katika maziwa yao. Oklahoma ilipandikiza vifaranga Texoma kuanzia mwaka 1965 hadi 1974, ikaacha, kwa kuwa samaki walikuwa wameshaanza kuzaana wenyewe. Nilimkumbusha baba mkwe kwamba hata dagaa wa kwao Tanganyika walihamishwa: walipelekwa Ziwa Kivu mwaka 1959, na Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na huko kote wamekuwa riziki ya watu. Akatikisa kichwa. "Dagaa anakula vidudu vya majini, havikosekani popote. Huyu mkubwa anakula nani?"

Jibu tulilipata usiku huohuo, kwenye gati la boti karibu na Rasi ya Preston. Mwezi haukuwepo. Chini ya maji, pembeni mwa gati, mwenye mahali alikuwa amezamisha taa ya kijani, na ndani ya mwanga ule samaki wadogo wa rangi ya fedha walikuwa wakizunguka kwa mamia, wote kwa mkondo mmoja, kama wanaozunguka nguzo isiyoonekana. Baba mkwe alipiga magoti mbaoni. Huko kwao huvua usiku wa giza kwa taa, mitumbwi miwili ikiwa imeunganishwa kwa miti na wavu wa kuinua ukiwa katikati, na zamani zaidi walitumia lusenga, yaani wavu wa kuteka. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika. "Hawa ni dagaa," alisema kwa uhakika kabisa, na kwa kweli hakukosea sana. Huku wanaitwa shadi, na kitaalamu ni wa ukoo mmoja na dagaa wa Tanganyika. Alinyoosha mkono kushika kamba ya gati apate kuinama zaidi, akaurudisha haraka, kwani kamba ilikuwa imegandwa na kome wadogo wenye milia, makombe yao makali kama wembe. Kome hao ni wageni, walionekana Texoma kwa mara ya kwanza mwaka 2009, na kwa sababu yao kila boti inayoondoka ziwani lazima imwagwe maji yote.

Siku ya pili, Ijumaa

Saa 12 asubuhi tulikuwa gatini, giza bado limetanda, kwa maana mwishoni mwa Oktoba jua la huku huchomoza karibu saa 2. Nahodha wetu ni mtu mzima wa miaka 60 na kitu, mpole, mwenye leseni ya Walinzi wa Pwani ya Marekani, ambaye ameishi kando ya ziwa hili tangu utotoni. Alimwamkia baba mkwe kwa kuvua kofia. Kisha akakagua leseni zetu kwa kurunzi. Kwa kuwa ziwa limegawanywa na mpaka wa majimbo mawili, iko leseni maalumu ya Ziwa Texoma inayotambuliwa pande zote mbili, na aliyenayo havuki mpaka kwa wasiwasi.

Nilidhani tutakwenda moja kwa moja kwa straipa. Badala yake, karibu saa nzima ya kwanza ilitumika kutafuta chambo, na sasa naamini kwamba saa ile ndiyo iliyostahili fedha nilizolipa. Nahodha alizima injini kubwa, akaisogeza boti taratibu kwa mota ndogo ya umeme hadi kwenye kijito chenye kina cha mita moja na nusu, akasimama omo na kimia begani. Alikuwa akisikiliza. Shadi wakiwa juu hutoa mlio mwepesi majini, kama matone ya kwanza ya mvua. Alipousikia, alijizungusha nusu mzunguko na kukirusha kimia, nacho kikafunguka duara kamili hewani, risasi za ukingoni zikapiga maji kwa pamoja kwa sauti moja. Baba mkwe, ambaye hajui Kiingereza, alisema "Eeh!" nahodha akageuka na kumtazama usoni. Nadhani pale ndipo walipojuana.

Kimia kilipopanda kilikuwa na shadi wapatao 60. Hapo nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona. Nahodha hakuwamwaga sitahani hata mmoja. Aliufungua wavu ndani ya beseni la maji, akawachagua kwa mikono iliyolowa, kwa kuwa mkono mkavu huwabandua magamba, na shadi aliyepoteza magamba hamalizi asubuhi. Wale wadogo wenye mkia wa manjano aliwaweka upande, wale wakubwa wenye pua butu upande mwingine. Wote waliingia katika tangi la duara lililofungwa katikati ya boti, lenye maji yanayozungushwa na pampu na hewa inayopulizwa bila kukoma. Nilimtafsiria baba mkwe maelezo ya nahodha: tangi likiwa na pembe, shadi hujibana kwenye pembe, husuguana na kukosa hewa, wakafa, katika duara huogelea wakifuatana na hawafiki mwisho. Humo huongeza chumvi kidogo ili magamba yaliyoguswa yapone, na wakati wa joto hutia barafu. Baba mkwe aliinama juu ya tangi na kuwatazama wakizunguka kama walivyokuwa wakizunguka taa usiku. "Huyu bwana," aliniambia, "anafuga dagaa kama mtu anavyofuga vifaranga vya kuku."

Mapambazuko yalitukuta katikati ya ziwa. Nahodha alikuwa akitazama skrini ya sona, chombo kinachopima chini ya maji kwa sauti, ambamo sakafu ya ziwa ilionekana kama mstari mzito, na juu yake kulikuwa na mawingu ya shadi na chini ya mawingu hayo vipande vilivyopinda kama kucha. Hao ndio straipa. Alitueleza kwamba majuma mawili yaliyopita asingetegemea mahali pale. Wakati wa kiangazi maji ya juu huwa ya moto na ya chini huishiwa hewa, na straipa, ambaye hupenda maji baridi yenye hewa, hubanwa katika tabaka jembamba la katikati. Oktoba maji ya juu yanapopoa huwa mazito, huzama, huchanganyika na ya chini, na hewa hurudi hadi sakafuni. Hapo samaki hutawanyika ziwa zima, wakimfuata shadi popote aendapo.

Tuliteremsha nanga penye kina cha mita 9, ukingoni mwa tambarare inayoshuka kwenye mkondo wa zamani wa mto. Shadi alitungwa ndoano puani, akashushwa na chubwi hadi sakafuni, kisha mshipi ukavutwa mizunguko miwili ili aogelee juu kidogo ya tope. Fimbo tano ziliwekwa kwenye vishikio, na sharti likawa moja: fimbo ikipinda, usiiguse mpaka ilale kabisa. Ndoano zilikuwa za duara, ambazo samaki hujitunga mwenyewe kwenye pembe ya mdomo anapogeuka na kuondoka. Fimbo yangu ya kwanza ilipotetemeka niliinyakua na kuivuta juu kwa nguvu, nikaitoa ndoano mdomoni mwa samaki kabla hajageuka. Mshipi ulirudi mtupu. Shadi yule, aliyesikilizwa gizani na kubebwa kwa mikono iliyolowa, alikuwa ameliwa bure, nami niliona haya mbele ya wazee wawili ambao hawakusema neno.

Baba mkwe aliweka mikono magotini na kusubiri. Fimbo yake iligusagusa, ikatulia, kisha ikalala hadi ncha ikaingia majini, na rili ikaanza kulia. Alisimama bila haraka, akaishika, akamwacha samaki akimbie mpaka alipochoka, akamrudisha, akamwacha tena. Samaki alipofika ubavuni mwa boti nilimwona straipa kwa karibu kwa mara ya kwanza: mgongo wa kijani cha zeituni, ubavu wa fedha, na juu yake mistari saba myeusi iliyonyooka kutoka nyuma ya matamvua hadi mkiani, miwili kati yake ikiwa imekatika na kuungana tena hatua moja chini, kama mshono uliorudiwa. Alikuwa na urefu wa sentimita 48.

Urefu huo ni muhimu. Sheria ya Texoma humruhusu mvuvi mmoja kubaki na straipa 10 kwa siku, na katika hao wasizidi wawili wenye inchi 20 au zaidi, yaani kama sentimita 51. Samaki ukishamweka tangini umeshamhesabu, huwezi kumrudisha ziwani ukipata aliye bora. Naiona ni sheria ya busara, kwani bila hiyo kila mtu angekuwa anabadilisha samaki mpaka jioni, na wengi wa wale waliorudishwa wangekufa. Nahodha alipima kila samaki kwenye ubao na kumtaja kwa sauti, nami nikaandika. Kufikia saa 4 na nusu tulikuwa na 17 kwa watu wawili, akasema inatosha kwa sababu upepo wa kusini ulikuwa unaongezeka.

Gatini nahodha alitoa minofu kwa kisu chembamba, na kutoka kila kipande alikata ule mstari mwekundu wa nyama ya ubavuni, unaoleta ladha kali. Alikuwa ameshaanza kutupa vichwa ndooni baba mkwe alipomshika mkono kwa adabu. Nilieleza kwamba kwetu kichwa hakitupwi. Nahodha aliviosha vyote 17, akavifunga kwenye barafu. Usiku tulikula mchuzi wa vichwa kwa ugali wa unga tuliotoka nao Dallas, na baba mkwe alisema nyama ya shavu ya straipa haipungui chochote kwa mgebuka, samaki wa kwao Tanganyika.

Siku ya tatu, Jumamosi

Simu iliingia saa 11 alfajiri. Upepo wa kaskazini ulikuwa umefika usiku, joto limeshuka sana, na nahodha alikataa kutoka. Hakutaka malipo ya siku hiyo. Tulipokwenda kutazama tuliona mawimbi meupe yakikimbia ziwa zima, na baba mkwe, ambaye Tanganyika imemchukulia ndugu, alisema kwamba nahodha anayejua kubaki nchi kavu ndiye wa kupanda naye chomboni.

Asubuhi tulikwenda Hagerman, hifadhi ya taifa ya wanyamapori iliyoanzishwa mwaka 1946 kwenye mkono wa kusini wa ziwa na kupewa jina la mji uliofunikwa na maji. Mwari weupe walikuwa wamejikinga ghubani, mamia kwa mamia, wote wakielekeza midomo upande wa upepo.

Mchana nahodha alitualika kwenye banda lake. Kimia cha jana kilikuwa kimechanwa na kisiki, na alikuwa amekitundika apate kukishona. Baba mkwe aliiomba ile sindano ya mbao, akakaa kwenye kigoda, akaanza. Kwa saa mbili nilikuwa mkalimani wa wazee wawili waliokuwa wakishona ncha mbili za wavu mmoja, na hapo ndipo swali la siku ya kwanza lilipopata jibu kamili.

Katika maziwa mengi straipa walikopandikizwa, alieleza nahodha, huishi na kunenepa lakini hawaongezeki, na serikali hulazimika kuleta vifaranga wapya kila mara. Sababu ni mayai. Yai la straipa si la kubandikwa kwenye jiwe wala kufichwa kwenye kiota. Huachiwa mtoni, na lazima libebwe na mkondo kwa muda wa siku mbili hivi hadi litotolewe. Mto ukiwa mfupi, yai hufika ziwani kabla ya wakati, huzama topeni na kukosa hewa. Mto Red na Mto Washita zina mwendo mrefu usio na kizuizi juu ya Texoma, hivyo samaki hupanda kila majira ya kuchipua, hutaga, na mayai hupata safari ya kutosha. Isitoshe, Mto Red hupita magharibi kwenye ardhi yenye chumvi ya asili, na maji ya ziwa hili yana chumvichumvi kuliko maziwa mengi ya nchi kavu. Baba mkwe alisimamisha sindano. "Kwa hiyo mto ndio mama yake, na dagaa ndiye uji wake." Nilitafsiri neno kwa neno. Nahodha alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba niirudie.

Alipomaliza kushona, baba mkwe aliuvuta wavu pande zote, akahesabu matundu kwa kidole gumba, akafumua mafundo mawili ambayo hayakumridhisha na kuyafunga upya.

Siku ya nne, Jumapili

Ziwa lilikuwa limelala kama kioo, na baridi ilitufanya tuvae kila tulichokuwa nacho. Safari hii, kwenye kijito kilekile, nahodha alimkabidhi baba mkwe kimia. Mrusho wa kwanza ulifunguka nusu, kwa sababu Tanganyika hakuzoea wavu wa kurusha bali wa kuinua na wa kuteka. Nahodha alimshika bega na kumwonyesha jinsi ya kugawa uzito, sehemu moja mkononi, sehemu begani. Mrusho wa nne ulikuwa duara. Walipanda shadi 30 na kitu, na baba mkwe aliwahamisha mwenyewe hadi kwenye tangi, mmoja mmoja, kwa mikono iliyolowa.

Jua lilipochomoza tuliwaona shakwe. Kwanza wawili, kisha kundi, wakijipiga majini kwenye mdomo wa ghuba kama mita 600 kutoka kwetu. Nahodha aliendesha kwa kasi, akazima injini mbali, akaiacha boti ielee. Nimeishi miaka 11 katika jimbo hili na sijaona kitu kama kile. Maji yalikuwa yanachemka kwenye eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira, shadi wakiruka juu kwa maelfu kama changarawe iliyorushwa, straipa wakiwapiga kutoka chini na shakwe wakiwapokea hewani, na sauti yake ilikuwa kama ya maporomoko. Hapo hapakuhitajika chambo hai. Tulitupa vipande vya risasi vilivyochongwa umbo la shadi, na kila mtupo ulikuwa na samaki. Ilidumu dakika 20 hivi, shadi wakashuka, straipa wakawafuata, na maji yakatulia mara moja, yakibaki na magamba madogo yaliyong'aa juu kama unga.

Tulikuwa na samaki 12. Nahodha alitazama skrini, akasema wakubwa hubaki chini kuokota waliojeruhiwa, akamtungia baba mkwe shadi mkubwa mwenye pua butu. Tulisubiri zaidi ya nusu saa. Fimbo ililala bila onyo lolote na mshipi ukatoka moja kwa moja kuelekea mkondo wa zamani wa mto. Baba mkwe alipambana naye akizunguka boti kutoka tezi hadi omo na kurudi, nahodha akimfuata nyuma na wavu wa mkono bila kumwelekeza neno. Alipopandishwa, ubao ulisoma sentimita 70, na mizani karibu kilo 4.

Gatini nahodha alimpasua samaki huyo wa mwisho, na baba mkwe akaomba tumbo. Alilifungua kwa ncha ya kisu, akapanga vilivyomo juu ya ubao: shadi saba. Wanne walikuwa wameshaanza kuyeyuka, wawili walikuwa wazima na mkia wao wa manjano ungali wazi, na mmoja ni yule mwenye pua butu aliyetoka naye kijitoni alfajiri. Aliwatazama kwa muda, akawafuta ute kwa kidole, akaanza kuwapanga tena kwa ukubwa.

Kwenye tangi walikuwa wamebaki shadi wapatao 20. Nahodha hakuwa na wateja Jumatatu. Aliwateka kwa ndoo, akampa baba mkwe, naye akashuka ngazi ya gati hadi maji yakamfika magotini na kuiinamisha ndoo polepole, palepale ilipokuwa taa ya kijani.